Dramu Ndani ya Kisima cha Mwalimu

Jumatatu asubuhi Mwalimu Imakulata aliinua mfuniko wa kisima chake ili aone maji yamebaki kiasi gani, akakuta hakuna maji. Kulikuwa na dramu. Lile kubwa la kupigwa kwa mguu limeegemea ukuta, madogo mawili yako mbele yake, na visahani vya shaba vimesimama juu ya vyuma vyake. Katikati ya hayo yote, juu ya kigoda cha jikoni, alikaa mumewe Vitalis, mtu wa miaka sitini na sita, amevaa bukta na miwani ya kusomea, anatazama juu kama mtu aliyefunguliwa mlango wa choo.

"Baba Careen," alisema Imakulata. "Maji yangu yako wapi?"

"Kwenye mapipa, nyuma ya jiko. Nimeyahamisha jana ulipokuwa kanisani. Halijamwagika hata tone."

"Na hayo madude?"

"Haya nilikuambia. Nilikuambia natafuta sehemu yenye mwangwi mzuri."

Ni kweli alimwambia. Lakini mtu akikuambia anatafuta sehemu yenye mwangwi, utafikiri kanisa, utafikiri darasa wakati wa likizo, utafikiri ghala la korosho kabla ya msimu. Hutafikiri kisima. Imakulata alisimama pale na mfuniko mkononi. Miaka thelathini na minne ya kufundisha darasa la tatu, watukutu wa kila aina, haikumpa neno la kumwambia mwanaume aliyehamia kisimani.

Kisima kilikuwa chake. Hilo liwekwe wazi tangu mwanzo, maana Vitalis alikuwa na tabia ya kusema "kisima chetu" kila anapotaka kukitumia vibaya. Imakulata alikichimbisha kwa kiinua mgongo chake alipostaafu. Walimu wenzake walinunua viwanja Masasi, mmoja akanunua pikipiki, akampa mpwa wake, mpwa akaimaliza ndani ya miezi miwili. Yeye alichimba shimo. Mafundi walishuka, wakajengea, wakapiga lipu laini ambayo ukiipitisha mkono huoni pa kukwaruza, wakafunika kwa zege, wakaacha mlango wa kupita mtu na tundu la bomba linaloleta mvua kutoka kwenye gata za bati. Mkunya hakuna mto. Huku juu, mwenye bati huvuna mvua na asiye nalo hushuka bondeni. Bomba la mtaa lipo, hutoa maji siku likijisikia.

Imakulata alilijua bonde hilo kwa miguu yake. Aliletwa hapa bibi harusi kutoka Lukuledi, ambako msichana akitumwa maji anarudi uji haujapoa. Huku akakuta maji yako chini ya genge. Unashuka na ndoo tupu unapiga soga na wenzako, unapanda na ndoo iliyojaa huwezi hata kuitikia salamu. Alifanya hivyo miaka na miaka, na goti lake la kushoto halikupona tena. Ndiyo maana siku kisima kilipojaa kwa mara ya kwanza, alikaa pembeni yake mchana kutwa na kikombe mkononi bila kazi yoyote. Na ndiyo maana Novemba hii, mawingu yakiwa yameanza kujikusanya, alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani: kisima kiwe tupu, kisafi, kinaisubiri mvua. Zile za mwanzo zikikipita, zinaweza kufuata wiki tatu za jua kali, na goti lake lingerudi bondeni.

Badala yake kisimani kulikuwa na bendi. Bendi ya mtu mmoja.

Miaka ya themanini Vitalis alikuwa mpiga gitaa wa Radi, vijana wanne waliosoma pamoja Lukuledi, wakaamua kupiga muziki wa roki mjini Masasi wakati bendi nyingine zote zinapiga dansi. Alfredi alikaa kwenye dramu, Tahiri kwenye besi, Dominic aliimba, na Vitalis alilitesa gitaa mpaka wazee wakaomba lizimwe. Walipiga Nachingwea, wakapiga Lindi, wakafika hadi Songea. Halafu spika zikafa, nyaya za gitaa zikawa hazipatikani, bendi ikafa nayo. Baadaye Alfredi akafariki, Tahiri akafariki, Dominic akafungua duka la spea za pikipiki Masasi. Vitalis akawa fundi redio na mkulima wa korosho, na gitaa likalala juu ya kabati miaka thelathini. Pale juu halikumsumbua mtu.

Aliyeleta balaa ni Careen, binti yao, nesi huko Dodoma, ambaye kwa wema wake wote alimtumia baba yake zawadi ya mashine ndogo ya kurekodi. Mashine hiyo unapiga chombo kimoja, unarudi mwanzo, unajisikiliza masikioni huku unapiga kingine juu yake, hivyo hivyo mpaka mtu mmoja anakuwa watu wanne.

"Nyimbo kumi," Vitalis alimwambia mkewe siku mashine ilipofika. "Dramu mimi, besi mimi, gitaa mimi, sauti mimi."

"Tafuta vijana wakusaidie."

"Vijana wa siku hizi wanabonyeza vitufe. Hawapigi."

Sasa alikuwa kisimani, na Imakulata aliona kwamba kumtoa kwa nguvu hawezi, na kumwacha pia hawezi. Basi akapiga magoti, lile la kushoto likalalamika, akaingiza kichwa kwenye mlango wa kisima.

"Jumapili ya kwanza ya Majilio iko wiki tatu mbele. Jumamosi ya kuamkia hiyo nataka humo msiwe na hata kijiti. Pawe pamefagiliwa na kuoshwa."

"Nakula kiapo."

"Hujala chochote. Umekula kiporo tu. Apa nisikie."

"Naapa, Mwalimu."

Alipokuwa anamwita Mwalimu badala ya Mama Careen, maana yake alikuwa na haraka ya kuendelea na alichokuwa akifanya. Imakulata alirudisha mfuniko, na kabla hajafika jikoni ardhi ikaanza kudunda chini ya miguu yake.

Wiki tatu hizo zilimkondesha. Korosho zilikuwa zinaanguka shambani, na mwenye kuinama kuziokota, kuzinyonyoa kutoka kwenye mabibo na kuzianika, alikuwa yeye na goti lake. Akimwita mumewe kula, anagonga mfuniko kwa mwiko, na kutoka chini inakuja sauti ya uchungu kwamba amemharibia, sasa itabidi aanze upya. Asipomgongea, anatoka saa kumi jioni anauliza kwa nini watu wa nyumba hii siku hizi hawali. Siku moja jirani yao Bimdogo, mjane wa ng'ambo ya barabara aliyezoea kuchota ndoo moja kila asubuhi, alifika akasikia mdundo unatoka ardhini, akaweka ndoo chini taratibu.

"Mwalimu, huko chini kuna nini?"

"Kuna Baba Careen."

"Ameanguka?"

"Ingekuwa afadhali."

Bimdogo alicheka mpaka akashika ubavu, lakini aliondoka na ndoo nusu, maana pipa la kwanza lilikuwa limefika chini na Imakulata alikuwa ameanza kupima. Hilo lilimuuma kuliko kelele zote. Tangu kisima kijengwe hajawahi kumpimia jirani maji.

Wiki ya pili jogoo akaingia kwenye wimbo wa tatu. Vitalis alitoka kisimani na mashine mkononi akamsikilizisha mkewe, na kweli, katikati ya gitaa jogoo aliwika, tena kwa sauti safi. Alisema sauti inapita kwenye bomba la gata, inaingia kisimani moja kwa moja, na mbuzi wa Bimdogo nao wako kwenye wimbo wa tano. Alitaka jogoo achinjwe. Imakulata akamwambia jogoo yule ana kazi kwenye nyumba hii, na kama kuna wa kuchinjwa waanze na asiye na kazi.  Baadaye Imakulata alimwona mumewe anashuka ngazi na gunia kuukuu na kipande cha godoro, akajua anakwenda kulala.

Kuna siku moja alipita karibu na kisima na kikapu cha korosho, akasikia mumewe anagombana na mtu.

"Alfredi, usikimbie," alisema Vitalis huko chini.

 Halafu Vitalis yule yule, kwa sauti nzito kidogo: "Nani anakimbia? Ninyi ndio mnachelewa."

"Tahiri, mwambie."

Na dramu zikaanza, zikienda haraka kidogo, kama Alfredi alivyozoea kuzipiga. Imakulata aliikumbuka ile haraka. Alisimama pale na kikapu kichwani, akamsikitikia mumewe, na kule kumsikitikia kukamtia hasira zaidi, kwa sababu mtu ukishamsikitikia huwezi tena kumgombeza vizuri. Aliondoka zake akaenda kuanika korosho.

Siku kumi kabla ya Majilio, nyimbo tisa zilikuwa tayari na wa kumi umekwama.  Siku tano nzima hakukusikika dramu wala gitaa. Vitalis anashuka asubuhi, anakaa, anapanda jioni, anasema bado sauti. Pipa la kwanza likaisha. Mawingu yakaja, yakatazama, yakaondoka. Siku ya sita Imakulata alivaa kitenge chake cha kutokea, akapanda gari la asubuhi, akashuka Masasi kwa Dominic.

Dominic alikuwa amekaa mbele ya duka lake anapanga minyororo ya pikipiki. Kati ya wale vijana wanne wenye nywele kubwa alikuwa amebaki yeye na Vitalis, na yeye nywele hata hakuwa nazo.

"Shikamoo, shemeji," alisema Imakulata.

"Marahaba, shemeji. Umeshuka lini? Huko Mkunya hawajambo?"

"Rafiki yako amehamia kisimani."

"Nimesikia. Mwangwi wake ukoje?"

Hata huyu. Imakulata aliketi kwenye benchi bila kukaribishwa. "Shemeji, nimekuja kukuchukua. Uje uimbe huo wimbo wa kumi, uishe, atoke, mvua inyeshe, na sisi tuendelee na maisha."

Dominic aliacha minyororo. "Alishanipigia. Akanisomea maneno yote kwenye simu. Nikamwambia, Vitalis, nimekuimbia nyimbo zako zote, hata zile mbovu, lakini huu siuimbi mimi. Uimbe mwenyewe, sauti ikikatika ikatike."

"Unasema nini huo wimbo?"

"Unakuhusu wewe. Zaidi ya hapo nisikuharibie."

"Dominic, nimebakiwa na pipa moja la maji. Sina haja ya wimbo unaonihusu. Nina haja ya kisima."

"Basi mwambie hivyo."

"Namwambia kila siku."

Dominic aliinuka, akaingia ndani ya duka, akatoka na kibahasha. "Mpelekee hizi. Nyaya mbili za gitaa, nilizitunza kitambo."

Kwa hiyo Imakulata alikwenda Masasi kutafuta mtu wa kuimaliza ile kazi, akarudi amebeba vifaa vya kuiendeleza. Njia nzima alikaa na kile kibahasha mapajani. Wazee wawili, na hakuna hata mmoja mwenye akili. Huo wimbo unaomhusu ulimpita tu. Alishaimbiwa enzi zile, mwaka ule Vitalis alipomwita nyota jukwaani mbele ya watu, na kesho yake asubuhi nyota ikabeba ndoo ikashuka bondeni.

Ajabu ni kwamba Vitalis alitimiza ahadi. Alhamisi jioni alipanda ngazi macho mekundu, akasema wimbo wa kumi umeisha, ameuimba mwenyewe. Ijumaa alitoa dramu moja moja kwa kamba. Jumamosi alishuka na ndoo, ufagio na kitambaa, akafagia, akaosha, akapangusa kuta kwa mkono wake, na hakuomba msaada hata mara moja. Imakulata alipiga magoti akamulika tochi. Sakafu ilikuwa nyeupe. Kuta zilikuwa safi kuliko siku mafundi walipozikabidhi. Kushuka kukagua hakuweza kwa sababu ya goti, lakini alichokiona kilimtosha, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze. Usiku ule alimpikia mumewe kuku. Si jogoo.

Jumanne ikanyesha mvua ya kwanza. Mvua hiyo haiingizwi kisimani, kila mtu wa huku anajua. Ni ya kuosha bati. Miezi sita ya vumbi, majani ya mkorosho, na ndege wamefanya yao huko juu, vyote vinateremka, kwa hiyo unageuza kiungo cha bomba maji yamwagike uwanjani. Imakulata alikigeuza akaangalia maji ya rangi ya chai yakipita mpaka yakaanza kuwa meupe. Mvua ikakata. Akalirudisha bomba mahali pake, likaelekea kisimani, akalikaza kwa mpira. Bimdogo alipiga kelele kutoka ng'ambo kwamba sasa tunasubiri ile yenyewe.

Ile yenyewe ilikuja Ijumaa saa nne asubuhi. Ilikuja na upepo, ikashuka kwa wingi, ikapiga bati mpaka ndani ya nyumba mkawa mnasemeshana kwa mikono. Imakulata alivuta kiti akakiweka dirishani. Alikuwa na desturi yake ya kila mwaka: kusikiliza maji yakiangukia kisimani. Kikiwa kitupu hutoa mvumo mzito, kisha unapungua kadiri kinavyojaa, na yeye kwa mvumo ule tu angeweza kukuambia maji yamefika wapi.

Vitalis alifika na ile mashine na spika kubwa ya redio aliyoitengeneza mwenyewe. Akafunga dirisha.

"Mvua inaingia ndani," alisema. "Na nataka usikilize. Huu ndio wa kumi."

"Si sasa, Baba Careen. Nasikiliza kisima changu."

"Kisima kitajaa chenyewe. Dakika sita tu, Mama Careen. Nimekaa shimoni wiki tatu kwa ajili ya dakika sita hizi."

Akabonyeza. Gitaa likajaza chumba, likaizidi mvua. Lilikuwa lile gitaa lake la zamani, kali, linalokwaruza, lakini polepole. Kisha dramu, zinakimbia kidogo. Kisha besi ya Tahiri iliyopigwa na mtu asiye Tahiri. Na juu ya yote sauti ya Vitalis, ambayo haikuwa sauti ya mwimbaji, ilikatika mara mbili na hakuirekebisha.

*Songea walinishangilia, wewe uko njiani.*
*Njia ya maji ni ndefu, nami sikuijua.*
*Nilirudi na makofi, ulirudi na ndoo,*
*nikanywa maji yako nikalala.*

Imakulata hakuwa mtu wa kulia. Darasa la tatu lilishammaliza machozi. Lakini pale aliposikia *nikanywa maji yako nikalala*, alisahau hata kisima, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, hasa ndivyo ilivyokuwa, na miaka arobaini alidhani hakuna aliyeona ila yeye. Alimtazama mumewe. Vitalis alikuwa anatazama sakafu kama mwanafunzi anayesubiri daftari lake lisahihishwe. Imakulata akampa mkono, na wakakaa hivyo mpaka wimbo ukaisha, na alijisikia vizuri kiasi cha kutojali hata jogoo ambaye, alisikia sasa, hakuwemo.

Spika ilipozimwa, mvua ilikuwa inamalizikia. Imakulata alifungua dirisha ili asikie mvumo.

Hakukuwa na mvumo.

Alitoka bila viatu. Uwanja mzima ulikuwa maji. Maji yalikuwa yamefurika kwenye gata, yakatiririka ukutani, yakachimba mfereji mpaka barabarani, na sasa yalikuwa yanaishia zake kwa Bimdogo, meupe, safi kabisa. Aliinua mfuniko. Kisima kilikuwa kitupu na kikavu, sakafu inang'aa kama alivyoikuta Jumamosi. Alilipiga bomba ngumi. Lilikuwa zito, limejaa maji mpaka juu, hayaendi mbele wala nyuma.

Ndipo alipomkumbuka jogoo. Na gunia. Na kipande cha godoro.

"Vitalis," alisema. Hakumwita Baba Careen.

Vitalis alikuwa mlangoni. Alitazama gata, akatazama bomba, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Nililiziba kwa ndani," alisema polepole. "Nikasukuma kwa mpini wa jembe mpaka likazama, ili isipite hata sauti ya nzi. Nilifagia, nikaosha kuta. Bomba nikalisahau."

Alishuka mwenyewe akalivuta. Ilimchukua muda, na gunia lilipochomoka, maji yaliyokuwa yamebaki ndani ya bomba yalimwangukia kichwani, yakatandaza sakafuni kidimbwi kidogo ambamo hata bata asingeoga. Hicho ndicho kilichoingia kisimani. Huko nje jua lilikuwa tayari limetoka, kali, na mbingu ya buluu pande zote.

Imakulata alikaa kwenye ngazi ya mlango. Hakupiga kelele. Alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa, na kilichomchosha zaidi ni kwamba wimbo ulikuwa mzuri. Ungekuwa mbaya angejua la kufanya. Mtu amekaa wiki tatu ndani ya kisima chako akitunga namna ya kukuomba radhi kwa sababu ya maji uliyobeba, na kwa kuomba radhi hiyo amekumwagia maji yako yote. Utamwambiaje mtu kama huyo.

"Wimbo wako ni mzuri," alisema mwishowe. "Umeniingia. Ni kweli yote. Lakini mimi sikutaka wimbo, Vitalis. Miaka yote ile nilitaka mtu abebe ndoo."

Vitalis alisimama mbele yake, maji yanamdondoka.

"Pipa limebaki robo," alisema Imakulata. "Ndoo ziko nyuma ya jiko."

Kesho yake alfajiri Mkunya nzima ilimwona Vitalis wa Radi anashuka bondeni na ndoo mbili, moja mkononi na nyingine kichwani. Wanawake waliokuwa njiani walimtania wee mpaka wakachoka, wakamuuliza kama huko chini nako amesikia kuna mwangwi. Bimdogo alimletea Imakulata habari hizo mbio mbio, na Imakulata akaendelea kunyonyoa korosho kutoka kwenye mabibo. Alikuwa na hasira bado. Alikusudia kubaki nazo mpaka Noeli.

Jua lilikuwa limeshapanda Vitalis alipotokeza. Ndoo ya mkononi hakuwa nayo, ameiacha njiani. Ile ya kichwani ilikuwa imefika nusu, shati lote limelowa, na midomo imekuwa myeupe. Aliitua karibu na pipa. Akajaribu kusema, pumzi haikutosha, akainua kidole kuomba angojewe.

"Hii ni nusu," alisema Imakulata.

"Nyingine imemwagika."

"Ndiyo. Humwagika."

Vitalis aliketi chini, mgongo ukutani. Pumzi ilimrudia. "Si ndefu," alisema.

"Nini?"

"Njia. Nimeimba kwamba ni ndefu. Si ndefu hata kidogo. Inapanda tu. Inapanda, unadhani umefika, inapanda tena." Alifuta uso. "Nimeandika ubeti wa uongo."

"Na kisimani kwangu hurudi kuurekebisha."

"Sirudi." Alitazama zile korosho mikononi mwa mkewe. "Ulikuwa unashuka mara ngapi kwa siku?"

"Mbili. Siku za kufua, tatu."

"Na Careen? Mwaka ule niko Songea, Careen alikuwa na miezi mingapi?"

"Minne."

"Ulikuwa unamwacha na nani?"

Imakulata aliangusha korosho moja kwenye kikapu, akachukua bibo jingine. "Nilikuwa simwachi," alisema. "Mgongoni."

 Aliutazama mgongo wa mkewe kwa muda, kisha akatazama kule njia inakopotelea. Akashika ukuta akainuka, goti moja kwanza, halafu la pili. Akamimina ile nusu ndoo pipani kwa uangalifu ili lisimwagike tone. Kisha akaichukua ndoo tupu na kurudi bondeni, bila kutumwa.

Imakulata alitaka kumwita. Alikuwa mzee, jua lilikuwa kali, na ile nusu ingetosha kwa mchana ule. Alifungua mdomo, akamwona anatokomea kwenye kona na ndoo kichwani, akaufunga. Akaendelea na korosho zake, akihesabu moyoni, kama yeye mwenyewe alivyokuwa akihesabu zamani, hatua za kutoka pale kwenye kona mpaka kwenye maji.